"Milele" ya Rosterman Haikudumu Miaka Mitatu

Juma lililopita niliandamana na wanafunzi wangu wa isimu kwa ziara ya kutwa katika kitongoji cha Rosterman, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji wa Kakamega. Tulikwenda kukusanya msamiati wa wachimba dhahabu. Nilitarajia kurudi na orodha ndefu ya maneno, lakini neno ambalo halijanitoka akilini tangu siku hiyo si la wachimbaji, bali ni la wanasheria.

Atakayezuru Rosterman akidhani ataona mji wa migodi kama ile ya Afrika Kusini atavunjika moyo. Kampuni iliyokipa kitongoji hicho jina ilichimba tangu miaka ya 1930 hadi 1952, kisha ikafunga virago. Jina limebaki, na mashimo yamebaki. Wamebaki pia watu ambao hadi leo wanateremka ardhini kwa kamba kutafuta kilichosazwa. Tuliwakuta akina mama wameketi kivulini wakiponda mawe kwa nyundo. Unga wa mawe hayo hutiwa maji katika karai, ukachanganywa na zebaki ili ishikane na chembe za dhahabu, kisha zebaki ikachomwa itoke kwa moshi. Moshi huo ni sumu, nao huvutwa na mchomaji na mtoto aliye mgongoni. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akiandika kwa bidii kwamba "zebaki" na "dhahabu" yametoka Uarabuni, "karai" Bara Hindi, na "mgodi" ni la Kibantu. Sikumlaumu, hiyo ndiyo kazi niliyompa. Hata hivyo, nilianza kuona haya kidogo.

Hapo ndipo niliwaketisha chini ya mti nikawasimulia habari ambayo vitabu vyetu vya historia huipitia mbiombio. Mwaka 1931 mlowezi kwa jina L. A. Johnson aligundua dhahabu karibu na Kakamega. Ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi duniani. Bei ya mahindi ilikuwa imeporomoka, nzige walikuwa wamekula mashamba, na walowezi wengi walikuwa wamezama katika madeni. Habari zilipoenea, walimiminika Kakamega kama siafu, wakapiga mahema na kusimika vigingi katika mashamba ya watu.

Tatizo lilikuwa kwamba ardhi hiyo ilikuwa ndani ya hifadhi ya Waafrika. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji, iliyotamka kwamba hifadhi hizo zimetengewa makabila ya wenyeji kwa matumizi na manufaa yao milele. Ikiwa kipande chochote kingeondolewa, sheria ilitaka kipande kingine cha thamani sawa kiongezwe mahali pake, na baraza la wenyeji lipewe nafasi ya kutoa maoni. Desemba 1932 sheria hiyo ilirekebishwa kwa haraka. Ardhi yenye dhahabu sasa iliweza kuondolewa katika hifadhi bila ardhi nyingine kutolewa, na bila baraza kuulizwa. Malipo yangekuwa fedha. Mapema 1933 jambo hilo lilizua mjadala mkali katika Bunge la Uingereza, lakini marekebisho yalisimama.

Mwanaisimu hawezi kupita hapo bila kutua. Amana, kwa Mswahili, ni kitu unachowekewa na mwenyewe ili uje umrudishie kama kilivyokuwa. Mwenye kuitumia amana bila idhini ana jina lake, na jina hilo halipendezi. Na "milele" ni neno lisilokubali kupunguzwa: hakuna nusu milele, wala milele ya muda. Waandishi wa sheria ile walijua Kiingereza chao vyema, hawakukosea maneno. Walitunga sheria iliyowaahidi watu kitu kisicho na mwisho, kisha, kabla ya miaka mitatu kutimia, wakakiwekea mwisho.

Mzee mmoja aliyekuwa amejiunga nasi pale mtini alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hiyo milele iliandikwa kwa lugha gani?"

Nikamjibu kwamba iliandikwa kwa Kiingereza.

"Na kule kuifuta?"

"Kwa Kiingereza pia, mzee."

Akatikisa kichwa, akasema kwamba basi babu yake hakupewa kitu wala hakunyang'anywa kitu, kwa kuwa hakuambiwa lolote. Wanafunzi walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali lake ni la leo.

Kusini ya hapo, katika sehemu za Ikolomani kama Isulu na Bushiangala, dhahabu inatafutwa tena kwa mitambo mikubwa. Mradi huo ulinunuliwa na kampuni ya Shanta Gold kutoka kwa Barrick mwaka 2020, na tangu hapo wakazi wamekuwa wakisikia habari za kuhamishwa. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ambako uchimbaji unafanyika. Lakini "jamii" hapo ni nani? Ni aliyehamishwa, au ni aliyebaki kando ya shimo? Neno hilo moja lina uzito wa mamilioni ya shilingi, na mama mponda mawe hajapata kuliona limeandikwa kwa lugha aisomayo.

Nawajua wenzangu watakaosema kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba istilahi za sheria na mazingira bila kupoteza maana. Hoja hiyo nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi, na kila mwaka inanichosha zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ripoti ya athari za mradi inayofika kijijini kwa Kiingereza pekee, ikasomwa na watu wachache, kisha mkutano wa hadhara ukaitishwa ili wananchi "watoe maoni", inawaomba watu maoni juu ya jambo ambalo hawakuambiwa. Afadhali mkoloni, ambaye mwaka 1932 hakujisumbua kuuliza.

Basi ile orodha ya msamiati nimeiweka kando. Kazi ya muhula huu nimeibadilisha: kila kundi la wanafunzi wanne litachukua sehemu moja ya Sheria ya Madini, litaitafsiri kwa Kiswahili sanifu, na wale wajuao Kiisukha na Kiidakho wataandaa muhtasari katika lugha hizo. Tutarudi Rosterman kabla ya mitihani kuzisoma kwa sauti pale chini ya mti. Mzee amesema atakuwapo, na kwamba atakuja na maswali.