Ukipanda Lushoto, Kula kwa Mama Lishe

Bumu likitoka tu, magrupu ya WhatsApp yanajaa mipango ya kwenda Lushoto: picha kwenye jabali la Irente, kisha msosi kwenye hoteli ya watalii. Wengine wananunua chipsi kuku pale Mombo na kupanda nazo kilomita 33 za kona. Zikifika juu zimepoa. Wanachuo wenzangu, hapo tunajipunja.

Sina ugomvi na Irente Farm. Mkate wao, jibini na jemu vina jina, na kama hela ipo, jipe raha. Ila usishuke mlimani ukidhani umeshaijua ladha ya Lushoto. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, na mapichi, mapeasi na plamsi ni matunda ya enzi hizo za ukoloni. Leo yanalimwa na Wasambaa, na utayakuta yakiuzwa kwa ndoo njiani pale Soni.

Sokoni kwa mama lishe kuna wali maharage, kabichi na karoti za mashamba ya jirani. Mboga hizohizo hupakiwa malori kwenda Dar. Wewe unazikuta bado hazijanyauka, na hela yako inabaki kwa aliyepika na aliyelima.

Ombi langu kwa kamati za safari: pigeni simu mapema, mpeni mama lishe mmoja tenda ya basi zima. Sahani 40 kwa mkupuo ni biashara ya maana kwake, na nyie mtakula cha moto.