Saini ya Kibarazani



Jioni moja nilikuwa kibarazani napukuchua mahindi, kijana wa ofisi ya kijiji akaingia uani na daftari kwapani. "Shikamoo, mwalimu. Naomba saini yako hapa, ni ya ule mkutano wa Jumamosi. Watu walikuwa wachache." Nikafuta mikono, nikachukua kalamu, nikasaini. Sikuuliza mkutano ulizungumza nini. Kijana mwenyewe nilimfundisha darasa la nne, mvua ilikuwa inakaribia, na gunia zima la mahindi lilikuwa bado linanisubiri.

Miezi michache baadaye, bonde ambako akina mama wa kitongoji chetu hukata majani ya ng'ombe lilizungushiwa waya. Jirani yangu, mjane mwenye ng'ombe wawili wa kufungia bandani, alikwenda ofisini kuuliza. Akafunguliwa muhtasari: Mkutano Mkuu wa Kijiji umeridhia. Ukurasa wa pili, orodha ya mahudhurio. Alipita kwangu akitoka huko. Nilimsogezea kigoda, hakukaa. Akasema, "Mwalimu, kumbe na wewe ulikuwepo?"

Sikuwa na jibu. Barua hii naiandika kwa sababu ya swali lile, na naiandika kwenu wote ambao saini zenu zimewahi kuhudhuria mkutano wakati ninyi mko shambani, sokoni au kwenye kijiwe cha bodaboda.

Tukitaja haki za raia, mawazo hukimbilia mbali: Bunge la Dodoma, Mahakama Kuu, kura ya kila miaka mitano. Huko kuna uzito wake. Lakini jamhuri hii inaanzia karibu zaidi, kwenye kikao ambacho kila mtu mzima wa kijiji ni mjumbe wake bila kuchaguliwa na bila kuteuliwa. Ukishafikisha miaka 18 na unaishi kijijini, umo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautaja Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Ndio unaoichagua Halmashauri ya Kijiji, na ndio wenye uwezo wa kuiondoa. Unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Tuna vijiji zaidi ya 12,000 katika nchi hii. Hebu kila msomaji ajiulize cha kwake kimekaa mara ngapi tangu Januari.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwenda mbali kuliko wengi wetu tunavyojua. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya jumla, na eneo lenyewe halizidi hekta 250, wanaosema ndiyo au hapana ni wanakijiji waliokaa mkutanoni. Likizidi hapo, uamuzi unapanda hadi kwa Waziri. Hekta 250! Ni zaidi ya ekari 600, ni mabonde na mabonde, na sheria imeziweka mikononi mwa mama wa ng'ombe wawili, mimi, na yule kijana wa daftari. Mkono wangu ulikuwa na nguvu hiyo jioni ile, nami nikautumia kama mtu anayepokea mzigo wa jirani amwekee mpaka kesho.

Katiba ya 1977 haikuwa na sehemu ya haki za raia tangu mwanzo. Ziliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na hata hapo ilibidi kungoja hadi 1988 ndipo mtu aweze kwenda mahakamani kuzidai. Zilipoingia, ziliwekwa chini ya kichwa kimoja na wajibu: Haki na Wajibu Muhimu. Ibara ya 21 inampa raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Ibara ya 26 inamtaka kila mtu aitii Katiba na sheria, na hapo hapo inampa haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda. Ibara ya 27 inamtaka alinde mali inayomilikiwa na wananchi kwa pamoja. Mimi hiyo ya 27 sasa siwezi kuisoma bila kuuona ule waya wa bondeni. Haki yangu ya kushiriki niliiacha ilale, na hasara ikamwangukia mwingine ambaye sikumuuliza.

Sisi watu wa Upare hatuhitaji kufundishwa jambo hili na vitabu, tunalo kwenye ndiva. Kwa msiozijua, ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji usiku kucha, asubuhi lango linafunguliwa na maji yanashuka mashambani kwa zamu. Zamu yako ni haki yako. Hata mzee wa ukoo mkubwa hawezi kuikata katikati. Lakini tope likijaa, msaragambo unaitwa, kila mwenye shamba linaloteremkiwa na maji yale anapanda na jembe lake. Nimewahi kusimama ndani ya ndiva iliyokaushwa, tope likinifika magotini, karai likipita mkono kwa mkono hadi ukingoni. Asiyefika hutozwa faini, na hutamsikia akilalamika kwamba haki yake imevunjwa. Anajua kwamba yeye akikaa nyumbani, na jirani akakaa nyumbani, lango litafunguliwa asubuhi na hakuna kitakachotoka.

Na babu zetu walijua pia kuuliza. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi ya kukadiria mali ya kila mtu, iliyokuja kuitwa mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani hadi Same, wakapiga kambi makao makuu ya wilaya. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa huku kwetu, ameliandika tukio lile. Linalonigusa ni kwamba hawakuwa wanakataa kuchangia. Walikataa kukadiriwa na wakubwa kwa vipimo wasivyovielewa wala kuvikubali. Wanawake nao waliingia katika madai yale, na kabla muongo haujaisha kodi ile ilikuwa imefutwa. Hao hawakuwa na Katiba iliyowatambua wala kikao kilichowekwa na sheria ili wasikilizwe. Sisi tunavyo vyote viwili, na tunatumiwa daftari nyumbani.

Najua kinachowazuia wengi. Mtendaji ni shemeji, mwenyekiti mnasali naye, na anayeuliza hesabu anaitwa mkorofi, au anapachikwa chama asicho nacho. Akina mama wanajua kuwa wakinyoosha mkono, nafasi itawafikia jua likishazama. Vijana wanaona mambo yote yameshaamuliwa. Malalamiko haya ni ya kweli, nami siyapuuzi. Ila mtu mmoja akiuliza peke yake ni mkorofi, watu thelathini wakiuliza swali lile lile ni mkutano. Ndiyo maana siandiki kuomba shujaa mmoja ajitokeze. Naomba twende wengi, majirani na majirani, mke na mume, na yule kijana mwenye simu aandike kinachosemwa.

Tukifika, tuanze na muhtasari wa mkutano uliopita. Usomwe kwa sauti, wote, pamoja na idadi ya waliohudhuria, na kama kuna jina la mtu ambaye hakuwepo, mwenyewe asimame aseme hakuwepo. Mimi nitasimama wa kwanza. Kisha tudai taarifa ya mapato na matumizi: ushuru, faini, michango ya darasa lile lisiloezekwa. Tuisikilize kwa adabu, maana viongozi wetu wengi ni waaminifu na wanafanya kazi kwa posho ndogo au bila posho. Wakituita kwenye msaragambo, twende. Wakituomba mchango tuliokubaliana, tutoe. Anayelima barabara na kulipa mchango wake akiuliza swali, ni nani atamwambia anyamaze? Na ninyi wa mijini msidhani barua hii si yenu. Mtaa wenu una mkutano wake na mwenyekiti wake, na kiwanja cha wazi ambako watoto wenu wanacheza kina watu wanaokitamani.

Daftari likija mlangoni, tulirudishe kwa upole. Kijana anayelileta ametumwa, naye ni mwanetu. Tumwambie hatusaini mkutano ambao hatukukaa, na tumuulize wa marudio ni lini.

Wa kwetu umebandikwa ubaoni: Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Jirani yangu nimekwisha kumpitia, tutashuka pamoja saa tatu na nusu. Nimemwomba akae mbele, na swali lake la bondeni atauliza yeye mwenyewe. Langu nimeshaliandika kwenye karatasi, linaanza na jina langu na tarehe ile niliyosaini.