Kikombe cha Nyumbani na Mpaka Wake

Hapana nyumba isiyokuwa na dawa yake ya kikohozi. Mtoto akipiga chafya mara tatu, mtu mzima mmoja huinuka akaenda jikoni, na punde hurudi na kikombe kinachofuka mvuke. Ndani ya kikombe hicho mna tangawizi, au limau, au asali, au gome la mti ambao jina lake wajukuu hawalijui. Desturi hii ni kongwe kuliko hospitali zote za dunia. Lakini juu ya kikombe hicho watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hukidharau, likasema kwamba ni ujinga wa wazee. Kundi la pili hukitukuza kupita kiasi, likasema kwamba hapana kikohozi kisichoweza kuponywa nacho. Nakusudia kukuonyesha, msomaji, kwamba makundi yote mawili yamepotoka. Na kwamba hili la pili, linalojiita rafiki wa kikombe, ndilo adui yake mkubwa zaidi, kwa kuwa kosa lake hulipwa kwa roho za watu.

Mabishano yasiyokuwa na mahali ni upepo, basi na tuyape mahali. Tutazame Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya. Huko uko mji wa Lodwar, kando ya mto Turkwel. Na yapata kilomita 120 mbele yake uko Kakuma, kando ya mto Tarach, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Nchi hii ni ya jua na vumbi. Mchana upepo huokota mchanga ukaupeleka machoni na puani. Usiku moshi wa kuni hujaa katika kibanda cha mfugaji. Mahali penye vumbi na moshi wa namna hii, kikohozi si mgeni wa msimu, bali ni jirani wa kudumu.

Tena Turkana ni mahali ambapo vikombe vya nyumba nyingi vimekutana. Wenyeji wana miti yao: esekon, ambao Waswahili huuita mswaki, na eusugu, ambao pwani huitwa mjafari, na ambao gome lake kali hutumiwa kwa kikohozi na mafua pengi katika Afrika ya Mashariki. Mwarobaini, ingawa ulitoka ng'ambo, sasa hutia kivuli katika nyua za Lodwar na Kakuma. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa Kakuma mwaka 1992, Wasomali wameleta chai yao ya iliki, mdalasini na karafuu. Watu wa Kongo wamekuja na mapenzi yao ya mchaichai. Waethiopia, Wasudani na Warundi nao wana vikombe vyao. Tangawizi na malimau hupanda lori Kitale, yakateremka mlima hadi jangwani. Mtu asemaye kwamba watu hawa wote, waliotoka pande mbalimbali na kufuata desturi mbalimbali, ni wajinga kwa sababu tu huchemsha majani, amejivika kiburi kikubwa kuliko elimu yake.

Hebu tumjibu kwanza huyo mwenye dharau. Yeye akipata mafua hukimbia duka la dawa, akanunua vidonge viwili vitatu vya antibiotiki, akavimeza kwa fahari. Lakini mafua huletwa na virusi, na antibiotiki huua bakteria. Haina uwezo wowote juu ya virusi. Amenunua upanga wa kupigana na moshi. Mafua yake yatakwisha baada ya siku saba au kumi, kama ambavyo yangalikwisha bila ya vidonge, naye atavisifu kwa kazi ambayo haikufanywa navyo. Madhara yake hayaishii katika mfuko wake tu. Bakteria walioguswa na dawa kidogo wasife hujifunza kuishinda, na siku dawa ile itakapohitajiwa kweli na mtoto mwenye homa ya mapafu, huenda ikakuta adui amekwisha vaa ngao.

Wala chupa ya dawa ya kikohozi haistahili heshima kwa sababu ya lebo yake tu. Mwaka 2008 wakuu wa dawa wa Marekani waliwaonya wazazi wasiwape watoto wa chini ya miaka miwili dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa dukani bila ya cheti cha daktari. Mwaka 2022 zaidi ya watoto 60 walikufa nchini Gambia, na Shirika la Afya Duniani likatoa hadhari juu ya dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizokutwa na sumu. Kwa upande wa pili, shirika hilo hilo katika mwaka 2001 lilikubali kwamba vinywaji vya moto na asali vyafaa kulainisha koo la mtoto mwenye kikohozi. Na mwaka 2007 wataalamu wa Pennsylvania, Marekani, waliowapima watoto 105, walichapisha kwamba asali iliyotolewa kabla ya kulala ilipunguza kikohozi cha usiku kuliko kukaa bila dawa. Bibi aliyejua jambo hili bila ya kusoma karatasi yoyote apewe heshima yake.

Sasa tazama jinsi kikombe chema kinavyotengenezwa, maana sifa bila ya maarifa ni ngoma tupu. Nawa mikono. Chemsha maji mpaka yatokote. Ponda kipande cha tangawizi kiasi cha ncha ya kidole gumba, ukitie katika kikombe, ukifunike kwa dakika kumi. Kamulia nusu ya limau. Maji yakipungua ukali wa moto, tia asali kijiko kimoja cha chai, unywe polepole. Kwa koo linalowasha, koroga nusu ya kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri ya maji ya vuguvugu, usukutue, uteme. Haya ni mambo mepesi, lakini hata mambo mepesi yana sheria. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa kuwa asali huweza kuchukua mbegu za bakteria ambazo tumbo lake changa haliwezi kuzizuia, zikamletea ugonjwa wa kulegea viungo. Mtoto wa chini ya miezi sita dawa yake ya koo ni maziwa ya mama. Tena asiinamishwe mtoto juu ya sufuria ya maji yanayochemka ati ajifukize. Mvuke haumwui virusi aliyemo mwilini, bali sufuria ikipinduka huunguza ngozi ya mtoto papo hapo.

Nimekwisha kukitetea kikombe. Sasa nawageukia hao wanaojiita rafiki zake. Hawa huketi sokoni na chupa zao, wakapaza sauti kwamba dawa moja hutibu kikohozi, pumu, kifua kikuu, vidonda vya tumbo na bahati mbaya. Humwuuliza mnunuzi ana shilingi ngapi, hawamwulizi amekohoa siku ngapi. Wakibanwa kwa hoja hujificha nyuma ya jina la mwarobaini, wakisema kwamba mti wenye jina la arobaini hauwezi kushindwa na ugonjwa mmoja. Jina si ushahidi. Mafuta ya mbegu za mti huo huo yaliwadhuru watoto wachanga huko Malaysia, wakapatwa na kifafa na kupoteza fahamu, na madaktari wakaandika habari zao katika miaka ya 1980. Kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru. Kisichoweza kudhuru kwa kipimo chochote, aghalabu hakiwezi kuponya.

Kosa kubwa la watu hawa ni kudhani kwamba kikohozi ni ugonjwa. Kikohozi si ugonjwa. Kikohozi ni hodi. Mwenye nyumba mwenye akili akisikia hodi huuliza kwanza nani yuko mlangoni. Huenda akawa mafua, mgeni wa siku chache. Huenda ikawa homa ya mapafu, mwizi wa watoto. Huenda kikawa kifua kikuu, ambacho Robert Koch alitangaza mwaka 1882 kwamba huletwa na bakteria, na ambacho hakijapata kusikia habari ya tangawizi hata leo. Huenda hata ikawa ni uvimbe wa maji katika mapafu uletwao na tegu wa mbwa, ugonjwa ambao Turkana ilijulikana kwao duniani kwa wingi wake. Kuwafungulia wageni wote hawa kwa kikombe kimoja ni kumkaribisha mwizi kwa chai.

Utaniambia, msomaji, kwamba mwacha mila ni mtumwa. Nakubali, lakini mila ipi? Katika Afrika ya Mashariki iko pia mila ya kumkata mtoto kimeo ili kikohozi kiishe, na wako watoto waliovuja damu kwa ajili yake. Ukongwe wa jambo si haki yake. Na kama ni mila ya Turkana itakayotuongoza, basi tumtazame mfugaji. Yeye ana jina maalumu, loukoi, la ugonjwa wa mapafu wa mifugo. Mbuzi akikohoa, hasemi kwamba kikohozi ni kikohozi. Husikiliza pumzi zake, hutazama anavyosimama, hupima hatari iliyo juu ya kundi zima, kisha huamua. Hiyo ndiyo mila ya wafugaji: kutambua. Je, ni haki mbuzi apewe utambuzi huo, na mtoto wa binadamu apewe kikombe kwa kubahatisha?

Utambuzi huu si siri ya madaktari. Wewe usomaye ukurasa huu waweza kuutumia leo, ukiwa na saa na hesabu ya darasa la kwanza. Mtoto akiwa ametulia, tazama kifua chake kwa dakika moja nzima, uhesabu pumzi. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa wa miezi miwili mpaka kumi na moja, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka mmoja mpaka mitano, ni 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, au akipatwa na degedege, au akilegea asiamke vizuri, hapana tena mjadala: weka kikombe chini, mpeleke hospitali. Na mtu mzima au mtoto akikohoa kwa wiki mbili, au akitema damu, au akikonda na kutoka jasho usiku, na apimwe kifua kikuu. Mpaka wa kikombe ni huo. Ndani yake ni rafiki. Nje yake ni kizuizi cha njia.

Watasema wengine kwamba hospitali iko mbali na kikombe kiko karibu. Ni kweli kwamba Turkana ni pana, na zahanati ni chache. Lakini umbali ni sababu ya kuondoka mapema, si sababu ya kuchelewa. Mwaka 1976 huko Wajir, katika ukame kama huu, Annalena Tonelli wa Italia aliwatibu wafugaji wenye kifua kikuu. Walijenga vibanda vyao vya kuhamahama karibu na kituo, wakameza dawa kila siku mbele ya mwangalizi mpaka muda wa tiba ukatimia. Wahamaji ambao watu walisema hawawezi kutulia walitulia, kwa sababu waliheshimiwa na kuelezwa. Kwa hivyo asitwambie mtu kwamba mfugaji haambiliki.

Tena iko dawa ya nyumbani iliyo bora kuliko zote, nayo haichemshwi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba moshi wa jikoni huzidisha karibu mara mbili hatari ya mtoto kupata homa ya mapafu. Mwenye kuwasha moto ndani ya kibanda alikolala mtoto, kisha akamchemshia majani juu ya moto ule ule, huponya kwa mkono mmoja na kujeruhi kwa mwingine. Toa meko nje. Na usipoweza, fungua njia ya moshi, na mtoto asikae karibu nayo.

Siwaombi vijana waache miti ya bibi zao. Nawaomba waiheshimu kwa heshima ya kweli, na heshima ya kweli kwa maarifa ni kuyapima. Tu Youyou wa China alisoma maandishi ya kale ya tiba ya kwao, akajaribu tena na tena, akapata katika mmea mmoja dawa ya malaria iliyookoa watu wengi, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili. Mlango umefunguliwa, unangoja wa kuingia. Basi kaa na bibi yako, uandike jina la mti, sehemu inayotumiwa, kipimo, na maradhi ambayo mwenyewe hakubali kuutumia. Utaona kwamba wazee wenye hekima daima walikuwa na orodha hiyo ya mwisho. Wauza chupa wa sokoni ndio wasiokuwa nayo. Mchemshie ndugu yako kikombe chake usiku wa leo, umfunike nguo. Kisha, kabla hujazima taa, zihesabu pumzi zake.