Kahuzi-Biega: Historia ya mlima haikuanza mwaka 1970

Anayetoka Bukavu kuelekea kaskazini hufika Miti, katika wilaya ya Kabare, pale barabara inapogawanyika. Moja inaendelea Kavumu na Kalehe. Nyingine inapanda magharibi hadi Tshivanga, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, kisha inashuka kuelekea Bunyakiri. Juu ya mashamba ya Miti unasimama mlima Kahuzi, wenye urefu wa mita 3,308. Kila mtu wa Miti anaujua mlima huo tangu utotoni, lakini historia yake bado husimuliwa nusu.

Nusu inayojulikana ni hii. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilitenga msitu huo kuwa eneo la akiba. Tarehe 30 Novemba 1970 ukawa hifadhi ya taifa, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, aliyewazoeza sokwe wakubwa wa mashariki kuonana na watu. Jina la Kasimir, dume mwenye mgongo wa fedha, likasikika hadi Ulaya. Mwaka 1975 hifadhi ilipanuliwa, na mwaka 1980 UNESCO iliiandika kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ni hadithi nzuri: mzungu mmoja, sokwe mmoja na msitu uliookolewa.

Nusu nyingine ni ya Batwa. Hao ndio waliokuwa wakiishi ndani ya msitu huo kabla ya ramani yoyote kuchorwa. Humo walipata asali, dawa na nyama, humo walizika wafu wao, humo walikuwa na mahali pao patakatifu. Katika miaka ya 1970 walitolewa kwa nguvu, bila kupewa ardhi nyingine wala fidia. Tangu hapo familia nyingi zinaishi pembeni mwa hifadhi, zikilima vibarua kwenye mashamba ya wengine.

Wapo wanaosema simulizi za wazee ni ngano tu, na ngano haiwezi kuwa hati ya ardhi. Lakini mtu anayejua jina la kila kijito na mahali babu yake alipozikwa anatoa ushahidi ambao hakuna ofisi iliyowahi kuuandika. Kila mzee anayefariki bila kusikilizwa anaondoka na ukurasa mzima.

Mambo haya si ya zamani peke yake. Mwezi Oktoba 2018 baadhi ya Batwa walirudi msituni wenyewe, baada ya kuchoka na ahadi. Miaka iliyofuata ilikuwa ya damu: Batwa waliuawa, na walinzi wa hifadhi pia waliuawa. Mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba Kongo ilivunja haki za Batwa. Tume ilitaka warudishiwe ardhi yao, walipwe fidia na waombwe msamaha hadharani. Kabla ya hapo, Julai 2022, nchi ilikuwa imepitisha sheria yake yenyewe ya kulinda haki za wenyeji hao wa asili. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni utekelezaji.

Wenye hofu juu ya msitu wana hoja pia. Baada ya 2018 miti mingi ilikatwa, makala yakachomwa na mbao zikapasuliwa. Hifadhi imo kwenye orodha ya UNESCO ya maeneo yaliyo hatarini tangu 1997, na vita vimeongeza shida. Hata hivyo, kumbebesha Mutwa lawama zote ni kukwepa ukweli. Makala hayo yanapikia nani? Yanashuka hadi majikoni mwa Bukavu, na wanaopata faida kubwa ni wafanyabiashara na watu wenye silaha.

Kwa hiyo suluhisho halipo kwenye kuchagua kati ya sokwe na Mutwa. ICCN, taasisi inayosimamia hifadhi, inaweza kuanza na yaliyo mepesi: kuandika simulizi za wazee, kuweka majina ya asili kwenye vibao vya Tshivanga kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, na kuwapa Batwa nafasi ya kusimulia msitu kwa wageni kama wenye nyumba, si kama wabeba mizigo. Serikali nayo inadaiwa lililo zito: ardhi na msamaha.

Mlima Kahuzi utaendelea kuonekana kutoka Miti, iwe vita vimeisha au bado. Mtoto wa Kimutwa anayeutazama kila asubuhi anastahili kusikia kwamba historia ya mlima huo ina jina la babu yake ndani yake.