Miezi mitatu ya kuchemsha chai, halafu mnasema ni gemu inanipotezea wakati

Niulize miezi mitatu ya atachimenti Bungoma ilinifunza nini. Ilinifunza nani ofisini hatumii sukari, nani lazima apate mandazi mawili, na kibanda gani cha fotokopi kinakopesha. Nilitoka Kitale nikiwa nimebakisha muhula mmoja nipate cheti cha kompyuta. Nikapanga keja ya 2,500 huko Kanduyi kwa pesa ya mama, na pesa ya mama ni pesa ya mahindi, mnajua vile bei hukuwa. Siku zote hizo za kazi sikuwahi kuachiwa kompyuta hata saa moja. Jina langu halikujulikana pia. Nilikuwa "yule msichana wa atachi".

Sasa juzi tuko shughuli ya familia Kiminini, mjomba ananiona na simu, anaambia meza yote: "Vijana wa siku hizi kazi hawataki, ni gemu tu." Mjomba, shikamoo. Pale mezani singekujibu mbele ya watu. Hapa nitakujibu.

Call of Duty: Mobile nilianza kucheza Kanduyi kwa upweke. Unatoka kazini saa kumi na moja, hujaongea na mtu siku nzima isipokuwa "lete" na "peleka", ukuta wa keja unakuangalia. Na sitadanganya, wiki ya kwanza huko pia kulikuwa kubaya. Nikiwasha maiki tu, sauti ya msichana ikisikika, matusi yanaanza. Mmoja aliniambia nirudi jikoni. Nikacheka kwa uchungu, kwa sababu jikoni ndiko nilikuwa nimetoka, jikoni ya ofisi.

Halafu nikaangukia mechi moja na watu wa huku kwetu. Mmoja ni fundi wa pikipiki Webuye, mwingine dada wa Kakamega anayesomea uhasibu, wengine wa Eldoret na Kimilili. Fundi alisikia nikisalimia na lafudhi ya Kitale, akajibu "mulembe", akaniuliza kama nataka kuingia klani yao. Klani ilikuwa na sheria mbili ambazo sijaziona kwa ofisi yoyote. Mgeni hupewa mtu wa kucheza naye wiki nzima mpaka azoee. Na ukitukana mtu unatolewa, hata kama wewe ndiye unapiga wote. Niliona wakimtoa jamaa hodari kuwaliko wote kwa kunitusi mimi, niliyekuwa nakufa dakika ya kwanza ya kila mechi.

Baada ya wiki chache wakaandaa tonamenti. Timu 16, watu watano kila timu, kila mtu anatoa finje. Hiyo ni 4,000: washindi 2,500, wa pili 1,000, na 500 ya bando za marefa. Mtu wa kuandika nani amelipa kwa M-Pesa na nani anacheza na nani alikuwa hayuko. Nikasema, mimi nasomea kompyuta. Wakanipa, hivyo tu. Wakaniamini na pesa ya watu themanini.

Ukweli ni kwamba Excel nilikuwa naijua ya mtihani tu. Dada wa Kakamega alikaa na mimi kwa maiki mpaka saa sita usiku akinionyesha fomula, jedwali nikiwa nalifungua kwa simu yenye kioo kimepasuka. Siku ya pili nikakosea. Niliandika mechi moja saa mbili badala ya saa moja, timu ya Eldoret ikakosa mechi. Nikangoja nifukuzwe. Fundi akaniambia, "Omba msamaha kwa kundi, wapangie mechi nyingine, halafu hakikisha na mtu kabla ya kutuma." Nikaendelea na kazi yangu.

Wiki hiyohiyo ofisini nilikuwa nimechanganya kurasa za fotokopi. Bosi aliita wenzake waje waone. "Si nilisema hawa wa vyuo hawajui kitu?" Kweli, sikujua kitu. Lakini bosi, nilikuja kwako nijue. Hiyo ndiyo maana ya atachimenti.

Najua jibu lenu: data ya ofisi ni ya siri, hatuwezi kuachia mtoto. Sawa. Basi mbona mnaita watoto? Nipe faili za zamani, nipe jedwali la uongo, nikalishe kando ya mtu anayefanya kazi nimwangalie tu. Mshahara sijaomba, ingawa nauli ya mtu anayekuletea chai kila siku haingekuua. Na isitoshe, waajiri kisheria hulipa ada ya mafunzo kwa NITA, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Finje. Hela ileile tuliyochanga kwa tonamenti. Ninajua nilichopata kwa finje ya klani.

Wazazi nao wana hoja, siwezi kuwaruka. Shirika la Afya Duniani limeweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ile ICD-11 iliyoanza kutumika 2022. Kuna usiku nililala saa nane na kufika kazini macho mekundu, na kuna wiki bando ilikula pesa ya sukuma. Hapo nilikosea. Lakini mkiongea, mnachanganya gemu na Aviator. Ile ni kamari, wasee wanauza simu kwa sababu yake. Mtu anayecheza na timu na mtu anayefukuzana na ndege ya kamari hawako safari moja.

Na tafadhali msiniletee QueenArrow. Nampenda Sylvia Gathoni sana, kucheza Tekken mpaka ukasajiliwa na timu ya nje si mchezo. Lakini kila tukitetea gemu lazima tutaje mtu aliyetajirika au kupata jina, kana kwamba bila pesa haina maana. Mimi bado nakufa mapema kwa mechi. Sitasajiliwa popote. Ninachosema ni kwamba watu ambao sijawahi kuwaona uso walinifunza kazi bure, usiku, wakiwa wamechoka na kazi zao, na watu wazima waliopewa barua rasmi wanifunze walinituma mandazi.

Siku ya mwisho nilijaza logibuku. Mahali pa ujuzi uliopatikana niliandika: kupanga data kwa Excel, fomula, rekodi za malipo ya M-Pesa, kuandaa ratiba. Yote kweli. Bosi aliweka sahihi na muhuri wa ofisi yake bila kuuliza nilijifunzia wapi, akaniambia nikitoka nipitishe vikombe jikoni.

Nimeskia wameomba wengine wawili kutoka chuo chetu muhula ujao. Nimewatafuta. Mmoja hana simu ya kucheza, huyo tutaona. Mwingine nimeshamwongeza kwa klani, na wiki yake ya kwanza anacheza na mimi.