Mtandao mbovu huchelewesha fedha, haubadilishi tarakimu

TUSEME mkulima amefikisha magunia 40 ya mahindi katika Soko la Kimataifa la Nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, na wamekubaliana Sh60,000 kwa gunia. Mnunuzi amebonyeza nyota na reli, ameingiza namba ya siri, na anaapa kuwa Sh2,400,000 zimekwenda. Simu ya mkulima iko kimya. Wapakiaji wanataka kuanza kazi, mkulima anawazuia. Dakika kumi zinapita na maneno yanaanza.

Katika ubishi wa namna hii husikika hofu moja: kwamba mtandao ukiwa mbovu kiasi cha kukata sauti, basi hata kiasi cha fedha kinaweza kufika pungufu. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina msingi. Sababu yake inafaa kujulikana, maana inaonyesha hatari halisi iko wapi.

Kila kinachopita hewani kati ya simu na mnara ni tarakimu za 0 na 1. Njiani nyingine huharibika kwa sababu ya umbali, kilima, ukuta au mawimbi ya simu nyingine. Dawa yake ni misimbo ya kusahihisha makosa. Karani wa soko anaifahamu bila kuijua. Ameandika daftarini: Jumatatu magunia 40, Jumanne 35, Jumatano 25, jumla 100. Mvua ikifuta ile 35, ataipata kwa kutoa. Zikifutika mbili, jumla hiyo moja haitoshi, labda awe na nyingine, kwa mfano ya kila mkulima. Kila jumla anayoongeza inamlinda zaidi, lakini inakula karatasi na muda wake.

Richard Hamming wa maabara za Bell, Marekani, alichapisha misimbo yake mwaka 1950, baada ya kuchoshwa na mashine ya kukokotoa iliyogundua kosa mwishoni mwa wiki na kuiacha kazi yake bila kuimaliza. Miaka miwili kabla yake, Claude Shannon alikuwa ameonyesha kuwa hata njia yenye kelele inaweza kupitisha ujumbe kwa usahihi, mradi mtumaji asizidishe mwendo ambao njia hiyo inaumudu.

Sasa turudi Kibaigwa. Katika mtandao wa kizazi cha pili, unaotumiwa na simu za kitochi, sauti hukatwa vipande vya sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kwa utaratibu wake wa awali, kila kipande kina tarakimu 260, na hurushwa kikiwa na tarakimu 456. Kati ya hizo 260, muhimu ni 182 na ndizo zinazolindwa; 78 huachwa zijitegemee. Kipande kikiharibika kupita kiasi hakiombwi tena, maana mazungumzo hayasubiri. Simu hutia kiraka cha kipande kilichotangulia, nawe unasikia sauti ikikwaruza.

Menyu ya kutuma fedha inapopita katika mtandao huo haichukuliwi hivyo. Kipande cha tarakimu 184 tu ndicho hupanuliwa hadi 456, na kati ya nyongeza hizo zimo tarakimu 40 za ukaguzi. Kisiporekebishika, hutupwa na kutumwa upya. Uwezekano wa 2,400,000 kugeuka 400,000 hewani ni mdogo mno kiasi kwamba mfanyabiashara hana haja ya kuuweka katika hesabu zake. Anacholipa kwa usahihi huo ni kuchelewa.

Na kuchelewa ndiko kunakoleta hasara. Ombi la mnunuzi linaweza kufika na kutekelezwa, halafu likapotea jibu tu. Akituma tena kwa haraka, huenda akalipa mara mbili. Aangalie kwanza salio au orodha ya miamala yake. Mkulima naye afanye vivyo hivyo, wala asitosheke na ujumbe mfupi pekee. Misimbo hii inahakikisha ujumbe umefika kama ulivyotumwa. Haijui aliyeutuma ni nani. Ujumbe wa tapeli nao husahihishwa tarakimu kwa tarakimu na kufika ukiwa safi kabisa.

Je, kizazi cha tano, kilichoanza kutolewa nchini na Vodacom mwaka 2022, kitamaliza tatizo? Kinatumia misimbo bora: ule wa Robert Gallager, uliobuniwa miaka ya 1960, hubeba data, na ule wa Erdal Arıkan wa Uturuki, uliochapishwa mwaka 2009, hubeba maelekezo ya mtandao. Lengo lake la juu ni ujumbe kuvuka hewani kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Hapo ndipo matangazo hunyamaza. Msimbo mrefu husahihisha vizuri, lakini mpokeaji lazima asubiri sehemu kubwa ya ujumbe ifike. Msimbo mfupi ni wa haraka, ila kelele ya ghafla huuelemea, na muda wa kuomba marudio haupo. Anayetaka haraka pamoja na uhakika hulipia kwa kitu kingine: masafa mapana zaidi, au mnara ulio karibu. Mitambo ya kiwandani inaweza kuhitaji kasi hiyo. Kwa maoni yangu, mwuza alizeti wa Dodoma haihitaji. Dakika kumi za Kibaigwa hazitokani na hewa peke yake. Zinatokana pia na msongamano wa simu kwenye mnara siku ya soko, na mitambo ya miamala iliyoelemewa.

Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Kwa kijiji kilichofichwa na milima ya Mpwapwa au Kondoa, mnara wa namna hiyo una thamani kuliko msimbo wowote mpya, kwa kuwa mawimbi yasipofika hakuna cha kusahihisha. Maswali ya kumuuliza diwani ni mnara utasimama upande gani wa kilima, na umeme ukikatika utawaka kwa saa ngapi.