Mauti Yatufundishe Kujenga

Dunia ni mapito, na hakuna anayebisha. Ajabu ni kwamba mwanadamu akishajua kwamba atakufa, ndipo hushika nyundo na kuanza kujenga. Lau tungeishi milele, naamini hata shule hii isingekuwapo, maana kila mtu angesema kesho, na kesho kutwa. Hivyo basi, kuyakumbuka mauti si jambo baya, wenzangu. Swali ni moja tu: yanatujengesha nini?

Tumtazame Mfalme Khufu wa Misri, aliyetawala zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Piramidi yake kubwa pale Giza ilikuwa na kimo cha mita 146 ilipokamilika, na mawe yake yanakadiriwa kupita milioni 2. Mlima wote huo ni kaburi la mtu mmoja! Hata hivyo, mwili wake haumo. Sanamu yake ijulikanayo sana ni ya pembe ya ndovu, nayo yatoshea kiganjani. Piramidi yastaajabisha, sikatai. Lakini wale walioyaburura mawe yale, ni nani kati yao aliyeteka maji humo? Ni nani aliyesomea humo?

Sasa turudi kwetu Kenya. Sir William Northrup McMillan, mlowezi tajiri, alifariki mwaka wa 1925, akazikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mkewe, Lady Lucie McMillan, hakutosheka na kaburi. Alitaka mumewe akumbukwe kwa maktaba, nayo ikafunguliwa jijini Nairobi mwaka wa 1931. Si uongo kwamba kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Hilo ni doa, kwa maana maktaba inayomfungia nje mwenye nchi haina tofauti na piramidi. Lakini mkoloni alikwenda zake, na jengo likabaki, likawa letu. Hebu niambieni, ni wangapi waliopanda mlima kulizuru kaburi lile, na ni wangapi waliopita kati ya wale simba wawili wa mawe mlangoni wakaenda kusoma?

Huko Pwani nako, Waislamu humchimbia marehemu wao kisima, wakakiita sadaka jariya. Wanaamini kwamba kila anywapo mtu, thawabu humfikia aliyelala kaburini.

Wako watakaosema kwamba anayejenga ili akumbukwe anajitafutia sifa tu. Na azitafute! Mwenye kiu haulizi mchimba kisima alikuwa na nia gani.

Ninalolilia mimi ni hili. Siku hizi akifa mtu, kamati ya mazishi hukutana kila jioni. Michango humiminika kama mvua ya masika. Hununuliwa jeneza la fahari, hukodishwa mabasi na mahema, huchinjwa ng'ombe, na kaburi likawekwa vigae kuliko nyumba aliyoishi marehemu. Kisha wiki mbili hazijaisha, mtoto wa marehemu yuyo huyo anarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Jamani, hapo tumemkumbuka nani?

Sisemi matanga yafutwe, la hasha! Wafiwa wafarijiwe na mila zitunzwe. Nasema kila kamati itenge fungu moja tu katika mafungu kumi. Kwanza yatima walipiwe karo. Kitakachobaki kinunue tangi la maji, madawati, au vitabu vya shule iliyo karibu, na jina la marehemu liandikwe hapo. Piramidi hatuiwezi, wala hatuihitaji. Lakini kabati moja la vitabu tunaliweza, na mtoto ambaye hajazaliwa bado atalisoma jina lile kila afunguapo kitabu.

Wanakamati wa kesho ni sisi tulio madarasani leo. Siku tutakapoitwa kwenye kikao na daftari la michango likafunguliwa, mmoja wetu na asimame aulize: "Na fungu la wanaobaki liko wapi?" Akiulizwa ametoa wapi maneno hayo, aseme ameyasoma katika gazeti la Chama cha Kiswahili.